Dirisha la gari likikwama, chunguza kabla ya kununua mota

MADIRISHA ya umeme ni miongoni mwa vifaa vya gari ambavyo hakuna anayevikumbuka hadi siku vinapogoma. Kwa dereva wa Kiuu, wadi ya eneobunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu iliyo upande wa Githurai, siku hiyo huja na adhabu yake. Kioo kikikwama chini, mvua huingia ndani, vumbi la barabara za mitaani hufuata, na katika msongamano wa magari simu iliyo mkononi mwa abiria huwa karibu mno na mkono wa mpita njia. Giza likiingia, gari haliwezi kuachwa nje bila mlinzi.

Safari inayofuata ni ya gereji, na mara nyingi hukumu hutolewa hata kabla ya mlango kufunguliwa: mota imekufa, itafutwe nyingine. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, mota ni sehemu moja tu ya mfumo wenye fyuzi, rilei, swichi, nyaya, kebo na mipira, na kila mojawapo inaweza kukizuia kioo kisipande. Anayenunua mota kabla ya kujua umeme unakomea wapi anacheza bahati nasibu kwa pesa zake mwenyewe, na akishindwa hurudi gereji siku ya pili na mota mpya mlangoni na kioo kikiwa pale pale.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kasoro nyingi za madirisha hujifichua zenyewe kwa mtu anayefuata utaratibu. Hatua za kwanza hazihitaji chombo chochote isipokuwa macho na masikio. Zinazofuata zinahitaji bisibisi, spana chache na balbu ya gari iliyofungwa nyaya mbili.

Magari yaliyokwisha kuzeeka

Sababu ya tatizo hili kuwa la kawaida nchini Kenya inaeleweka. Magari mengi ya kibinafsi huagizwa Japani yakiwa yametumika. Kiwango cha ubora cha KS 1515 huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini mradi halijapita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, gari linaloitwa jipya mtaani linaweza kuwa limetumikia mwenye kwanza kwa miaka saba, kisha likatumika hapa kwa miaka kumi zaidi.

Katika muda huo, mipira inayokishika kioo hukauka na kuwa migumu. Makaa yaliyomo ndani ya mota hulika, nazo nyaya zinazopita kati ya mlango na bodi hukunjwa kila mlango unapofunguliwa na kufungwa. Vumbi la barabara zisizo na lami huongezea. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ina lami safi, lakini safari ya mkazi wa Kiuu huanza na kuishia kwenye vichochoro vya mtaa, ambako vumbi la kiangazi hugeuka tope la masika.

Umeme unavyosafiri

Si rahisi kutafuta kasoro katika kitu ambacho mtu hajui kinavyofanya kazi. Umeme wa madirisha hutoka kwenye betri, ukapita katika fyuzi ambayo katika magari mengi madogo ni ya ampea 20 hadi 30, kisha katika rilei inayouruhusu kupita dereva anapowasha ufunguo. Kutoka hapo huingia katika swichi kuu iliyo kwenye mlango wa dereva na katika swichi ndogo zilizo kwenye milango mingine. Mwisho hufika kwenye mota iliyofichwa ndani ya mlango.

Mota hiyo ina nyaya mbili za nguvu. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea wa pili, kioo hupanda. Ukigeuzwa, kioo hushuka. Kazi ya swichi ni kugeuza mwelekeo huo. Katika magari mengi ya Japani, nyaya za milango ya abiria hupitia swichi kuu ili kupata njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, yaani upande hasi wa betri. Ndiyo maana swichi ya dereva iliyoharibika inaweza kulizima dirisha la abiria ambalo swichi yake haina kasoro yoyote.

Mota huzungusha mtambo wa kuinulia kioo, ambao mafundi huuita regyuleta. Upo wa aina mbili: wenye mikono ya chuma inayofunguka na kufunga mithili ya mkasi, na wenye kebo nyembamba ya chuma inayozunguka kwenye puli na kukivuta kioo juu au chini katika reli.

Sikiliza kwanza

Hatua ya kwanza ni kuzima redio na injini, kuwasha ufunguo, kisha kubonyeza swichi huku sikio likiwa karibu na mlango. Sauti inayosikika, au kukosekana kwake, hupunguza orodha ya washukiwa.

Ikiwa mota inavuma lakini kioo hakisogei, umeme upo na mota inafanya kazi. Kasoro iko kwenye regyuleta: kebo imekatika, meno yamelika, au kishikizo cha plastiki kinachokibana kioo kimevunjika. Sauti ya kukwaruza, kana kwamba kuna kitu kinachotafunwa ndani ya mlango, ni dalili ya kebo iliyochanika na kujisokota kwenye puli.

Ikiwa kioo kinapanda polepole, kinapinda upande mmoja au kinahitaji kusaidiwa kwa mkono, shuku mipira na mifereji ya kioo kwanza, kisha mota iliyochoka.

Ikiwa hakuna sauti yoyote, tazama taa ya ndani au taa za dashibodi wakati wa kubonyeza swichi. Zikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota, ila mota imekwama au kioo kimegandamana na mpira. Zisipobadilika hata kidogo, huenda umeme umekatika njiani, au mota yenyewe imekatika ndani.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi. Mota nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikibonyezwa mara nyingi mfululizo. Mwenye gari aliyechezea swichi kwa dakika kumi akitafuta kasoro anaweza kudhani ameiua mota, kumbe imejizima ili isiungue. Dawa ni kuiacha ipoe kwa dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena.

Dirisha moja au yote

Swali la pili ni iwapo kasoro iko kwenye dirisha moja au kwenye madirisha yote. Yote yakizima kwa pamoja, si jambo la kawaida mota nne kufa siku moja. Mshukiwa ni fyuzi, rilei, swichi kuu, au waya wa hasi unaoifunga swichi hiyo kwenye bodi.

Kifuniko cha sanduku la fyuzi huwa na mchoro unaoonyesha fyuzi ya kila kifaa. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zile zile. Kuweka kubwa zaidi, au kuziba pengo kwa uzi wa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kualika moto. Fyuzi imewekwa iungue ili waya usiungue, na ikinyimwa nafasi hiyo, waya uliopita chini ya zulia na viti ndio utakaoungua badala yake. Aidha, fyuzi mpya ikikatika mara tu inapowekwa, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na hakuna idadi ya fyuzi itakayotibu hilo.

Iwapo dirisha la dereva linafanya kazi na ya abiria hayafanyi, tazama kitufe cha kufunga madirisha kilicho kwenye swichi kuu. Kitufe hicho kiliwekwa kwa ajili ya watoto, na huweza kubonyezwa kwa kiwiko au wakati wa kuosha gari bila dereva kujua.

Linganisha swichi mbili

Dirisha la abiria lina swichi mbili: yake na ile ya mlango wa dereva. Kuzilinganisha ni kipimo kisichogharimu senti.

Ikiwa dirisha linatii swichi yake lakini halitii swichi ya dereva, kasoro iko kwenye swichi kuu. Ikiwa linamtii dereva pekee, na kitufe cha kufunga hakijabonyezwa, kasoro iko kwenye swichi ya mlango huo au kwenye waya unaoiletea umeme. Ikiwa halitii yoyote, mshukiwa ni mota, waya uliokatika njiani, au swichi kuu iliyoikosesha njia ya kurudi. Ikiwa linashuka lakini halipandi, au kinyume chake, mota ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima, kwa sababu mota ile ile ndiyo hufanya kazi zote mbili. Hapo shuku swichi, au waya.

Katika magari ambayo swichi ya mlango wa mbele na ya nyuma zina umbo moja la plagi, swichi inayoshukiwa inaweza kuchomolewa na nyingine ikachomekwa mahali pake kwa muda. Dirisha likitii, jibu limepatikana bila kununua chochote.

Waya kwenye bawaba

Kati ya mlango na nguzo ya bodi kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya. Hapa ndipo nyaya hukunjwa maelfu ya mara katika maisha ya gari, hasa kwenye mlango wa dereva, na hapa ndipo hukatika. Dalili yake ni dirisha linalofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au linalofufuka mlango unapotikiswa. Mara nyingine spika ya redio na kufuli la mlango huo huo huzima pamoja nalo.

Mpira huo huvutwa taratibu kutoka upande mmoja, na nyaya kukaguliwa moja moja. Waya unaweza kuonekana mzima kwa nje huku shaba ya ndani ikiwa imekatika. Ukivutwa kidogo, ganda lake hurefuka kama mpira. Suluhu ni kuunga kipande kipya cha waya wenye unene ule ule, kukilehemu kwa risasi na kukifunika vizuri. Maungio yenyewe yawekwe mbali na mkunjo, la sivyo yatakatika tena. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia tepu ni kazi ya kumfikisha mtu nyumbani tu.

Kufungua mlango

Uchunguzi ukielekeza ndani ya mlango, paneli ya ndani lazima itolewe. Ufunguo uzimwe na waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza, hasa katika magari yenye mifuko ya hewa ya usalama, kwa kuwa baadhi yana vihisi vya mifuko hiyo ndani ya milango. Betri hurejeshwa wakati wa kupima pekee.

Skrubu za paneli huwa zimefichwa nyuma ya mkono wa kufungulia, chini ya kifuniko cha swichi na ndani ya mahali pa kushika unapovuta mlango. Zikishatolewa zote, paneli hubanduliwa kuanzia chini kwa kitu bapa cha plastiki ili klipu zisivunjike. Isivutwe kwa ghafla, kwani bado imeshikwa na plagi za nyaya na kebo ya kufungulia mlango.

Nyuma ya paneli kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Wapo wanaoichana na kuitupa. Kazi yake ni kuyaelekeza maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo yashuke na kutokea kwenye matundu ya chini ya mlango. Isiporudishwa, maji huingia kwenye zulia na kwenye plagi za umeme, na mwenye gari hurudi baada ya mvua chache akiwa na tatizo jipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Matundu hayo ya chini nayo yazibuliwe, kwa sababu tope likiyaziba mlango hugeuka mtungi na kuanza kuoza kwa kutu.

Kipimo cha balbu

Hapa ndipo swali la mota hupata jibu. Plagi ya mota huchomolewa, na balbu ya volti 12 kuunganishwa kwenye nyaya mbili nene zilizokuwa zikienda kwenye mota. Balbu ya taa ya breki ya wati 21 inafaa. Kisha swichi hubonyezwa juu na chini.

Balbu ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, nyaya na swichi ni nzima, na mota ndiyo yenye hatia. Ikiwaka upande mmoja pekee, tafuta kwenye swichi au waya. Isipowaka kabisa, umeme umekatika kabla ya kufika mlangoni, na kununua mota ni kupoteza pesa.

Mafundi wengi hutumia mita ya umeme badala ya balbu. Mita ni chombo kizuri, lakini ina mtego wake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, ilhali hauwezi kuzungusha mota. Balbu huvuta umeme wa kutosha kufichua udhaifu huo, kwa kuwa itawaka kwa unyonge. Anayetumia mita apime plagi ikiwa bado imechomekwa kwenye mota na swichi ikiwa imebonyezwa.

Njia hii huhusu mota za nyaya mbili. Mota ya dereva katika magari ambayo kioo hupanda chenyewe kwa mguso mmoja huwa na nyaya zaidi, na baadhi huwa na kidude cha kielektroniki ndani yake. Hizo zisiunganishwe moja kwa moja na betri kwa kubahatisha.

Mota na regyuleta

Mota iliyogoma ambayo huamka ikigongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi ina makaa yaliyolika. Baadhi ya mafundi huifungua, wakasafisha ndani na kubadilisha makaa. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu, nayo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mota.

Kabla ya kutoa mota au regyuleta, kioo lazima kifungwe juu kwa tepu imara inayopita juu ya fremu ya mlango na kushika pande zote mbili, au kiondolewe kabisa. Kioo kinachoanguka ndani ya mlango huvunjika, au humkata fundi.

Onyo kubwa zaidi linahusu regyuleta ya aina ya mkasi. Nyingi zina springi nzito inayosaidia kubeba uzito wa kioo, na kinachoizuia isifyatuke ni mota. Mota ikifunguliwa bila mkono wa mtambo kufungwa kwanza kwa skrubu au kubanwa kwa koleo maalumu, springi hufyatuka na mikono ya chuma hujifunga kwa kasi inayoweza kuvunja kidole. Asiye na uzoefu amwachie fundi kazi hiyo.

Kwa regyuleta ya kebo, kuunga kebo iliyochanika ni nadra kudumu. Ni heri kubadilisha mtambo mzima. Hata hivyo, ikiwa kilichovunjika ni kishikizo cha plastiki pekee, kipatikane hicho kwanza kabla ya kutupa mtambo usio na dosari nyingine.

Mipira na mifereji

Mota nyingi huuawa na mipira. Kioo kinachosuguana na mpira mkavu uliojaa mchanga huilazimisha mota kuvuta umeme mwingi kila siku hadi ichoke. Anayeweka mota mpya bila kugusa mipira ameiandalia mota hiyo kifo kama cha ile ya kwanza.

Mfereji wa kioo usafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kilichozungushiwa bapa la bisibisi, ukaushwe, kisha upakwe kilainishi cha silikoni. Oili ya injini na grisi ya kawaida hazifai hapo: huvimbisha na kulainisha mpira kupita kiasi, na hunasa vumbi likageuka msasa. Grisi ni ya reli na meno ya regyuleta, na iwe kidogo.

Swichi na funzo la Toyota

Swichi inayokwama au kukwaruza huwatia watu wengi kishawishi cha kupulizia mafuta yoyote ya kulainisha yaliyo karibu. Hilo ni kosa lenye hatari, na ushahidi wake unatoka kwa mtengenezaji wa magari yaliyo mengi zaidi barabarani humu.

Mnamo Oktoba 2012 kampuni ya Toyota ilitangaza kuyaita takriban magari milioni 7.43 kote duniani kwa sababu ya swichi kuu ya madirisha ya mlango wa dereva. Miongoni mwayo yalikuwa Vitz, ambayo kwingineko huitwa Yaris, pamoja na Corolla, Camry na RAV4. Grisi ndani ya swichi haikuwa imepakwa sawasawa kiwandani, hivyo swichi ikawa na ukakasi. Kampuni ilionya kwamba kupaka vilainishi vya kawaida vya madukani ili kuondoa ukakasi huo kungeweza kuyeyusha swichi, kutoa moshi na hata kusababisha moto. Oktoba 2015 iliita tena takriban magari milioni 6.5 kwa kasoro ya swichi hiyo hiyo: grisi ilipokuwa haba, chembe za chuma zilizotokana na msuguano zingeweza kuunganisha umeme pasipostahili na kuipasha swichi moto.

Tangazo hilo la pili lilihusu magari mengi yaliyoundwa kati ya 2005 na 2010. Kwa kanuni ya miaka minane, gari lililosajiliwa Japani mwaka 2008 liliweza kuingizwa Kenya hata mwaka 2015. Mwenye gari la umri huo asidhani kwamba swichi ilishughulikiwa kabla halijauzwa. Wakala rasmi au huduma ya mtandaoni ya mtengenezaji inaweza kueleza kwa kutumia namba ya chesisi. Swichi inayopata joto, kutoa harufu ya plastiki au kuonyesha weusi kwenye plagi isitumike tena.

Swichi iliyomwagikiwa soda au chai inaweza kuokolewa. Hufunguliwa, vituo vyake vya shaba vikasafishwa kwa dawa maalumu ya vifaa vya umeme na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha ikaachwa ikauke kabisa. Gari lililoingia maji ya mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoathiri Nairobi na kaunti jirani, lisijaribiwe madirisha kabla ya plagi za milango kukaushwa na kukaguliwa.

Kununua kipuri

Ikithibitika kwamba kipuri kinahitajika, kilichotolewa mlangoni kipelekwe dukani kama sampuli, iwe ni Thika, Ruiru au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mota ya kulia na ya kushoto hazibadilishani katika magari mengi. Idadi ya pini za plagi, umbo la meno na nafasi ya matundu ya skrubu vilinganishwe. Mota iliyotumika ijaribiwe kwa betri pale pale dukani, pande zote mbili, kabla ya pesa kutolewa.

Mteja pia ana kinga ya sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu maalumu kuhusu ukarabati wa magari. Inamtaka mkarabati atoe makadirio ya gharama na kupata idhini ya mteja kabla ya kazi, na ajitolee kumrudishia mteja vipuri vilivyotolewa. Hata katika gereji ya jua kali, kuomba kuona mota ya zamani na kuonyeshwa ilivyopimwa ni haki, wala si kumdharau fundi.

Kukumbusha kioo na kulinda vidole

Baada ya betri kuondolewa, dirisha la mguso mmoja huenda likakataa kupanda lenyewe, na katika baadhi ya magari taa ya swichi humetameta. Hiyo si kasoro mpya. Mtambo umesahau kioo kinapoishia. Katika magari mengi kioo hushushwa hadi nusu, kikapandishwa hadi juu, na swichi ikaendelea kushikiliwa kwa sekunde chache. Kitabu cha gari hutoa utaratibu kamili.

Dirisha linalorudi chini likigusa kitu limebuniwa kuokoa vidole. Kanuni za Umoja wa Mataifa na za Marekani hutaka mtambo wa aina hiyo urudi nyuma kabla ya kubana kwa nguvu ya kuzidi nyutoni 100. Lakini katika magari mengi ya bei nafuu, ni dirisha la dereva pekee lenye kinga hiyo. Madirisha ya nyuma, wanakokaa watoto, huendelea kusukuma. Baada ya ukarabati wowote, kitufe cha kufunga kijaribiwe, na mtoto asiachwe garini na ufunguo.

Mvua ikimkuta dereva kioo kikiwa chini, anaweza kushika kioo kwa viganja pande zote mbili, ndani na nje, na kukivuta juu sawasawa huku mwenzake akibonyeza swichi, vidole vikiwa mbali na ukingo wa juu. Kikishapanda, kibanwe kwa tepu na kisiguswe tena hadi mlango ufunguliwe.

Kwa ufupi, utaratibu ni huu: sikiliza, kagua fyuzi na kitufe, linganisha swichi, tikisa waya wa bawaba, safisha mipira, kisha pima kwa balbu. Baada ya hapo ndipo neno mota litajwe, na pochi ifunguliwe.